Biro ya pili: nani alikubali?

Mjini Goma, kutoka Himbi hadi Ndosho, kila mtu anajua maana ya biro ya pili: mwanamke anayepangishiwa nyumba na mume wa mtu. Wanaoitetea husema ni makubaliano ya watu wazima. Nani alikubali? Mara nyingi mke wa nyumbani hakuulizwa. Anajua habari simu ikiita usiku, ama, vibaya zaidi, kwenye matanga.

Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haikubali ndoa ya pili wakati ya kwanza ingalipo. Hata mahari ikitolewa, mwanamke huyo hana haki ya urithi kama mke. Mtoto ndiye anayelindwa: sheria inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na yule aliyetambuliwa na babake akiwa hai anarithi sawa na wale wa nyumbani. Neno zito ni hilo, akiwa hai. Baba akifa bila kupita etasivili, mama anabaki kubishana na ndugu za marehemu mbele ya maiti.

Wanaume wanaosema wamekubaliana waanzie hapo: wampeleke mtoto komini wiki hii, kisha warudi nyumbani wamwambie mke.