*TAMKO LA TAWI: MFUMO UKIZIMA, NANI ANAJIBU?*



Julai 2023 jirani zetu Kenya walishambuliwa mtandaoni. Mfumo wa eCitizen, wenye huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulielemewa. Waliofuata pasipoti na leseni wakakwama. Hakuna risasi iliyolia.

Hapa Mpanda nasi tumeshahamia humo humo. Ushuru unakatwa kwa mashine, ada zinalipwa kwa namba ya kumbukumbu, fedha za mkulima zinapita benki na kwenye simu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilionja intaneti ya kusuasua. Ile ilikuwa hitilafu tu. Je, akija mwenye nia mbaya?

Sheria tunazo: ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ya Serikali Mtandao ya 2019 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Vyombo tunavyo: TCRA na kikosi chake cha TZ-CERT, Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Swali letu ni moja: mfumo ukianguka saa nane usiku, nani anatoa amri, na nani anamkagua? Kwenye hesabu, mshika fedha hajikagui mwenyewe. Na mtandao uwe hivyo.

*Tunawataka diwani na mbunge wetu wasimamie haya:*

1. Halmashauri iwe na nakala ya kumbukumbu zake mahali pengine, na utaratibu wa kuhudumia watu kwa karatasi mfumo ukizima.
2. Ulinzi wa mifumo uwe na kifungu chake cha bajeti, usifichwe ndani ya "matumizi mengineyo".
3. Taarifa za wananchi zikivuja, wananchi waambiwe mapema.
4. Ulinzi usigeuzwe kisingizio cha kuziba midomo ya wanaohoji.

Nasi tuna wajibu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" usiufute tu, upeleke 15040. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita wakala.

Ajenda hii tutaipeleka kikao kijacho cha Kata. Njooni na maswali.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, Mpanda, kwa niaba ya Kamati ya Tawi._
_Sambaza kwa wanachama wote._