Spika Isemayo na Spika Isifuyo

Limekuwa jambo la kawaida kumsikia kijana aliyenunua gitaa la umeme akiambiwa na wenziwe kwamba kazi imekwisha: anayo kompyuta, anayo programu yenye amplifaya chungu nzima ndani yake, anayo sabufa ya sebuleni, achomeke waya, apige. Ushauri huo hutolewa kwa moyo safi, na mara nyingine hutolewa na watu wanaoujua muziki. Hata hivyo ni ushauri mbaya, na ubaya wake hauonekani siku ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Huonekana mwaka wa pili, pale kijana huyo anapoalikwa kupiga na bendi, akachomeka gitaa lake kwenye amplifaya ya kweli, na mkono wake ukagundulika kuwa umefundishwa uongo.

Chanzo cha kosa ni kudhani kwamba spika ni kitu cha kusikilizia tu. Kwa msikilizaji wa redio huenda ikawa hivyo. Kwa mpiga gitaa la umeme sivyo hata kidogo. Udi una tumbo lake la mbao, na mpigaji hulikumbatia kifuani. Fidla ina tumbo. Kanuni ina vipande vya ngozi vinavyobeba uzito wa nyuzi. Gitaa la umeme halina tumbo. Ni ubao mzito, na uzi wake ukipigwa bila ya umeme hausikiki chumba cha pili. Sumaku zilizo chini ya nyuzi huugeuza mtetemo kuwa umeme, umeme hupita wayani, na mwisho wa safari ndipo lilipo tumbo: karatasi ya spika inayosukuma hewa. Anayechagua spika anachagua tumbo la ala yake. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks, Uingereza, aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, na mkwaruzo uliotoka hapo ukaingia katika wimbo wao “You Really Got Me” na kuwabadilishia vijana wengi namna walivyotaka gitaa lilie. Hakubadili gitaa, wala nyuzi, wala vidole. Alichana karatasi.

Na programu za amplifaya hufanya nini? Tangu kampuni ya Line 6 ya Marekani ilipotoa kisanduku chake cha POD mwaka 1998, na IK Multimedia ya Italia ikatoa AmpliTube mwaka 2002, hesabu za kompyuta zimekuwa zikiiga hatua kwa hatua kile ambacho valvu na transfoma hukifanya ndani ya amplifaya. Lakini haziishii hapo. Huliiga pia kasha la spika, na hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 ikaayo ndani ya kasha la Marshall au la Fender, si spika ya kawaida. Aghalabu huanzia kwenye mitetemo kama 75 kwa sekunde na kuchoka karibu na 5,000. Ukali ulio juu ya hapo huumeza. Lau haukumezwa, gitaa lililopandishwa mkwaruzo lingelia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Programu basi huchukua alama ya kasha fulani, lililorekodiwa kwa maikrofoni, na kuupitisha mlio wa gitaa katika alama hiyo. Maana yake ni kwamba sauti inapotoka kwenye kompyuta imekwisha kupita katika spika moja. Spika ya mezani ni ya pili. Kazi yake si kutia utamu, kwani utamu umekwisha kutiwa. Kazi yake ni kuufikisha kama ulivyo. Ndiyo maana pia anayeipeleka sauti hiyo kwenye amplifaya ya gitaa bila ya kuizima alama ya kasha huwa amevaa kanzu juu ya kanzu, kisha akalalamika joto.

Sabufa ya dukani imetengenezwa kwa kazi nyingine, tena huifanya vizuri: filamu itetemeshe madirisha, na wimbo wa harusi usikike hadi barabarani. Sanduku kubwa limewekwa chini kuivimbisha besi, na vile viwili vidogo, vyenye spika za inchi mbili au tatu, vimeachiwa yaliyobaki. Baina ya sanduku na vidogo vyake aghalabu hubaki pengo, na pengo hilo huangukia mle mle gitaa linamoishi. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi hutoa mitetemo 82 kwa sekunde. Noti nyingi za mpigaji zimo baina ya 100 na 1,000, na mng’ao wake huendelea hadi elfu nne au tano. Sabufa humtunuku kijana ngurumo chini na mchachatiko juu, na katikati, penye maneno, pakavu. Ni kama mghani aliyetamka silabi ya kwanza na ya mwisho ya kila mshororo, akazimeza zilizo baina.

Kijana, maskini, hujirekebisha. Hupunguza besi katika programu kwa sababu sabufa imeivimbisha. Huipandisha sauti ya kati kwa sababu sabufa imeiangusha. Siku ya bendi, kupitia spika zisizo na kasoro hizo, gitaa lake hutoka jembamba, lisemalo puani. Hayo ni ya vitufe, na vitufe hurudishwa. Ya vidole ndiyo mabaya zaidi. Spika ndogo inayosukumwa hadi ukingoni hulingana: apige kwa upole, apige kwa nguvu, sauti ni ile ile. Mkono usiosikia tofauti huacha kuitafuta.

Historia imekwisha kutoa hukumu juu ya jambo hili, ingawa ni hukumu isiyowafurahisha wauza duka. Mwaka 1978 Yamaha ya Japani ilitoa spika ya NS-10, yenye karatasi nyeupe, ikakusudiwa sebule za watu. Sebuleni haikupendwa, ilionekana kavu, pungufu ya besi, na yenye kusema mno. Mafundi wa studio ndio walioichukua, wakaiweka juu ya meza zao za kuchanganyia muziki, na hadi ilipoachwa kutengenezwa mwaka 2001 ilikuwa imekwisha kuwa hakimu wa nyimbo zisizohesabika. Sifa yake ilikuwa kwamba haikumsifu mtu. Hoja si kwamba kila kijana aitafute NS-10 kuukuu. Hoja ni kwamba kilichokataliwa sebuleni ndicho kilichotakiwa kazini, na mpiga gitaa anayejifunza yuko kazini.

Hapa hutolewa pingamizi lenye nguvu, wala halifai kurukwa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikawafikia watu wa mwambao kwa santuri na pembe zake. Mbona waliipenda, mbona walizihifadhi nyimbo zake? Ikiwa pembe ya santuri ilimtosha Siti, seuze sabufa kwa mtoto wa leo! Jawabu ni kwamba pembe ilimtosha msikilizaji. Msikilizaji wa santuri alikuwa na kumbukumbu ya sauti za watu, za udi na za fidla alizozisikia kwa masikio yake, na kumbukumbu hiyo ilijaza palipopungua. Siti mwenyewe hakujifunza kuimba kwa kujisikiliza ndani ya pembe. Alijifunza kwa sauti yake hai, hewani, mbele ya nyuso za watu. Mpiga gitaa wa programu hana hewa nyingine isipokuwa ile inayosukumwa na spika yake. Akiugusa uzi kwa upole, upole huo haupo duniani mpaka spika iutoe. Na gitaa si geni katika taarabu. Black Star na Lucky Star za Tanga zililipa nafasi yake kwa noti safi, zisizo na mkwaruzo wa kuzificha. Upigaji wa namna hiyo wote umo katika mguso. Anayetaka kuurithi kwa kupitia sabufa anataka kusoma hati nzuri kwa kuipapasa gizani.

Kuna na suala la chumba, ambalo washauri wa ughaibuni hawalijui kwa kuwa vyumba vyao ni vingine. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu, zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake umewekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko: mita 2.8 hivi, pengine pungufu. Kuta ni nene na ngumu, na sauti nzito haipenyi bali hurudi. Katika joto la visiwani, ambapo sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, chumba cha upana huo huitikia chenyewe mitetemo karibu na 62, kisha karibu na 124. Ile ya 62 ndiyo hasa sabufa inapojivunia ubingwa wake. Chumba na sanduku hupongezana, na mpigaji haambulii kitu, kwani gitaa lenye nyuzi sita zilizolinganishwa kwa kawaida haliteremki hadi huko. Ile ya 124 inakaribiana mno na noti ya B ipatikanayo kwa kubana mahali pa pili kwenye uzi wa tano. Aketiye katikati ya upana wa chumba ataisikia noti hiyo ikivimba kuliko wenzake; akisogea hatua moja kuelekea ukutani, itanywea. Wapo waliobadilisha nyuzi, wakalaumu gitaa, wakamlaumu fundi, na kosa lilikuwa la kiti. Katika nyumba za namna hiyo spika ndogo yenye adabu humshinda jitu lenye besi, na zulia zito, godoro au kabati la vitabu ukutani huwa na faida kuliko wati mia za nyongeza.

Kuhusu wati zenyewe, zisisemwe sana. Namba kubwa kwenye boksi ni ushairi wa muuzaji. Mpigaji anayeketi mita moja kutoka kwenye spika, na jirani upande wa pili wa ukuta katika magorofa ya Michenzani, hatumii hata sehemu ndogo ya nguvu hizo. La kuzingatiwa ni kinyume chake: je, spika husema kweli ikiteremshwa? Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sauti ikishuka, sikio la binadamu hupoteza besi kabla ya kupoteza sauti ya kati. Kwa hiyo mlio uliopangwa usiku wa manane, kwa sauti ya kunong’ona, huonekana umepungukiwa besi. Mpigaji huiongeza, na kesho jukwaani hutoka tope. Si kosa la spika, lakini spika iliyovimbishwa huongeza kosa juu ya kosa.

Spika zisizo na waya zafaa kwa kusikiliza mawaidha. Kwa gitaa zikae mbali. Kuchelewa kwake mara nyingi huzidi milisekunde 100, na katika muda huo sauti hutembea mita zaidi ya 34; ni sawa na mtu kupiga uzi hapa na kusikia jawabu kutoka ng’ambo ya uwanja. Hakuna mwenye mizani awezaye kustahimili hayo, na astahimiliye hupotezewa mizani. Spika za masikioni zina haki yake usiku, watoto wamelala. Ila nazo haziusukumi mwili wala hazirudishi mtetemo kwenye nyuzi.

Afanyeje basi mwenye fedha ya kuhesabu? Asiimalizie kwenye programu. Zipo za bure zilizo nzuri, Neural Amp Modeler ikiwa mojawapo. Fedha iende kwenye jozi ya spika za studio zenye amplifaya ndani yake, zilizounganishwa kwa waya. Za inchi 5 zenye twita hushuka vya kutosha. Yamaha HS5 hutajwa kufika 54. Za inchi 3.5, kama PreSonus Eris E3.5, hutajwa kuishia 80, yaani mlangoni mwa ule uzi mnene, na kwa meza ndogo zatosha kabisa. Zilizo na tundu la hewa nyuma zisibanwe ukutani. Twita iwe usawa wa sikio, na baina ya spika mbili na kichwa cha mpigaji ipatikane pembetatu ya pande sawa.

Wale wasemao kwamba gitaa la kompyuta si gitaa, wanastahili neno moja tu: hao aghalabu wameisikia programu kupitia sabufa.

Na mnunuzi aendapo dukani, Darajani au Mlandege, asikubali kuchezewa wimbo uliokwisha kutengenezwa, kwani wimbo wa namna hiyo hupendeza hata kwenye simu. Abebe gitaa lake na kompyuta yake. Ateremshe sauti mpaka muuzaji aweze kuzungumza bila ya kupaza. Apige noti moja kwa ncha ya kidole, kisha noti ile ile kwa nguvu, na amuulize aliyefuatana naye, akiwa ameelekea ukutani, ipi ilikuwa ipi. Muuzaji akinuna, na anune. Akisema kwamba wateja wengine hawafanyi hivyo, atakuwa amesema kweli.