Tuwe na Stesheni Yetu ya Redio

Karibu kila muhula twaunda chama kipya, na vyama vingi hufa kabla ya mtihani. Basi najua wako watakaocheka nikisema kwamba yafaa shule yetu iwe na stesheni ya redio ya ridhaa. Nawaomba wacheke baada ya kusoma, si kabla.

Redio ya ridhaa siyo ile ya kupiga muziki na kusoma habari. Ni redio ya mtu asiyetafuta faida, azungumzaye na wenziwe walio mbali kwa sauti au kwa alama za Morse. Watu hao wamegawiwa mawimbi yao, nami nashauri tuanze na yale marefu, ya mita 160, 80 na 40.

Kwa nini marefu? Kwa sababu mawimbi hayo hudai nafasi kuliko fedha. Waya wa antena aghalabu huwa nusu ya urefu wa wimbi. Wimbi la mita 80 lataka waya wa mita 40 hivi, na la mita 160 lataka waya wa mita 80. Mtu akaaye katika chumba cha kupanga mjini ataufunga wapi? Sisi tuna kiwanja cha mpira, na miti mirefu kandokando yake. Tena waya huo ukifungwa mita 8 au 10 tu kutoka ardhini, mawimbi ya mita 80 na 40 hupanda juu angani, hurudishwa na tabaka la hewa yenye umeme, kisha huteremka na kuenea mamia ya kilomita pande zote. Mlima hauyazuii. Kwa njia hii twaweza kuzungumza na shule za mikoa mingine.

Wako wasemao, "Simu za mkononi zipo, redio ya nini?" Simu hizo hutegemea minara. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi makubwa ya bahari yalipopiga visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi, simu zilikatika. Watu wa redio ya ridhaa waliokuwa mjini Port Blair ndio waliosaidia kupeleka habari za jamaa waliookoka.

Sisemi kwamba kazi ni nyepesi. Kwanza, mawimbi haya husafiri mbali zaidi usiku, kwa kuwa mchana tabaka la chini la hewa hiyo huyameza. Na usiku tuna kengele ya kulala. Pili, wakati wa masika radi hujaza kelele masikioni, nayo yenyewe ni ya hatari. Sharti waya utolewe katika chombo na kuunganishwa na ardhi kabla mawingu hayajakusanyika. Tatu, hatuwezi kurusha hata neno moja bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Muhula ujao tununue chombo cha kusikilizia tu, kiwezacho kupokea Morse na sauti za watu hao, maana redio nyingi za nyumbani haziwezi. Tufunge waya mmoja, mbali na nyaya za umeme. Mwalimu Mkuu aturuhusu kila Jumamosi, saa mbili mpaka saa nne usiku, chini ya mwalimu wa Fizikia. Kila tukisikiacho kiandikwe daftarini: saa, wimbi na hali ya hewa. Mwisho wa mwaka daftari likiwa tupu, chama na kife, wala sitalalamika. Likijaa, tujifunze sheria na kuomba leseni, na hapo ndipo wazazi waombwe kuchangia chombo cha kurushia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na sisi tuanze kwa kusikiliza.