Breki Kabla ya Nguvu

Msomaji kijana, huenda siku moja ukaliona gari kuukuu la Subaru Impreza, la miaka ya 1990, likiuzwa hapa Shika Adabu, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Moyo utakudunda, wala si ajabu: Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa gari la jina hilo. Lakini sheria ya Kenya huzuia kuingizwa magari yaliyotumika yapitayo umri wa miaka 8. Basi utalinunua kwa mtu aliyekwisha kulitumia, na pengine kulitesa.

Wapo watakaokushauri uanze kwa kuliongeza nguvu. Nawapinga waziwazi. Tabo ni pangaboi dogo lizungushwalo na moshi wa injini, nalo huzungusha jingine lishindilialo hewa ndani ya injini. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinga yake ni oili safi. Mwenye gari aliyechelewa kuibadili oili hiyo amekuuzia mgonjwa. Wamtwika mgonjwa gunia la pili kwa sababu gani?

Watajibu kwamba fedha ni zako. Naam, ila barabara si yako. Watoto huivuka wakienda shule, na bodaboda huchomoza vichochoroni bila taarifa (jina la mahali halijawafunza wote). Fedha ya kwanza ni ya breki, matairi na bushi. Ya pili, oili, mabomba ya maji na mkanda uendeshao vali. Ikibaki ya tatu, mpe fundi akuonyeshaye vipimo kabla ya kukutajia bei.