Baraka ya Ibrahimu haipimwi kwa bendera

SAUTI YA NDOSHO
Na Furaha Kavira

Mwanzo 12:3 ni andiko ambalo Mkristo wa Ndosho analijua hata ukimwamsha usiku wa manane. Ni pale Mungu anapomwahidi Abramu kwamba anayembariki atapata baraka na anayemlaani atapata laana. Katika makanisa mengi ya mtaa wetu hapa Goma, tangu yale makubwa ya barabara ya Sake hadi vyumba vya maombi vya mbao vilivyosimama juu ya mawe ya volkano, andiko hilo siku hizi lina maana moja tu: tuisimamie dola ya Israeli, na Kongo itapona. Bendera yenye nyota ya Daudi hutundikwa nyuma ya mimbari, baragumu hupulizwa, na vita vinapokaza kuna wahubiri wanaosema tunateseka kwa kuwa nchi yetu haijaibariki Israeli ipasavyo.

Mimi ni Mbatisti. Nimelelewa kwa Biblia hiyo hiyo na naiombea Yerusalemu amani. Lakini nasema wazi kwamba fundisho hili, kwa namna linavyohubiriwa leo, halikutoka kwa mitume. Umri wake haujafika miaka mia mbili, na waliolieneza tunawajua kwa majina.

Aliyelipa umbo ni John Nelson Darby, kasisi wa Kianglikana nchini Ireland aliyeliacha kanisa lake akawa kiongozi wa Ndugu wa Plymouth katika miaka ya 1830. Darby aliigawa historia ya wokovu katika vipindi, akafundisha kwamba Mungu ana mipango miwili iliyotengana, mmoja wa Kanisa na mwingine wa Israeli ya kimwili. Kanisa litanyakuliwa kwanza, dhiki kuu itafuata, kisha Kristo atarudi kutawala miaka elfu moja. Kwa mpango huo Wayahudi hawana budi kurudi katika nchi ya kale, la sivyo unabii hauendi mbele. Kati ya 1862 na 1877 Darby alisafiri Amerika Kaskazini mara kadhaa, na wahubiri wa huko wakayapokea mafundisho yake. Mwaka 1909 Cyrus Scofield akatoa Biblia iliyochapishwa na Oxford, yenye maelezo yake mwenyewe chini ya maandiko. Nadhani hakuna kitabu kilicholisambaza fundisho hili zaidi ya hicho. Neno la Musa na maelezo ya Scofield yalikaa ukurasa mmoja, na msomaji wa kawaida akayameza yote kwa heshima ile ile. Shule nyingi za Biblia za Marekani zilifundishia kitabu hicho, na wamisionari waliosoma humo wakaja Afrika Mashariki na Kivu. Hawakuja kutudanganya. Walitufundisha walichofundishwa, wakatujengea shule na zahanati, nasi tukapokea vyote pamoja bila kuuliza kipi ni Injili na kipi ni fikra za Waingereza na Wamarekani wa karne ya 19.

Tena, wanasiasa Wakristo walilishika jambo hili kabla ya Wayahudi wenyewe kuwa na chama cha Kizayuni, yaani cha kudai nchi yao wenyewe. Mwaka 1840 Lord Shaftesbury wa Uingereza alikuwa tayari anamshawishi Palmerston, waziri wa mambo ya nje, asaidie kuwarudisha Wayahudi Palestina. Theodor Herzl alipochapisha kitabu chake cha dola ya Kiyahudi mwaka 1896, mmoja wa watu wa kwanza kumkimbilia alikuwa William Hechler, kasisi wa ubalozi wa Uingereza mjini Vienna, aliyekuwa amepiga hesabu zake za unabii. Hechler ndiye aliyemfungulia Herzl mlango wa kwa Mtawala wa Baden.

Sehemu ya historia hii inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki husahauliwa, nami nataka tuitazame kwa makini. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa huko Kishinev, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ardhi ya kuwaweka Wayahudi. Watu huuita mpango huo "Uganda", lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo nchini Kenya. Kongresi ya Wazayuni mjini Basel mwezi Agosti mwaka huo ilipiga kura 295 kwa 178 kutuma wachunguzi. Walifika huko mwanzoni mwa 1905, na mwaka huo huo kongresi iliyofuata ikakataa. Walowezi wa Kizungu mjini Nairobi, wakiongozwa na Lord Delamere, walipiga kelele, na kelele zao zilisikika London. Wanandi na Wamaasai walioijua nchi ile kwa malisho na makaburi hawakuulizwa na mtu. Oktoba 1905 Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na miaka michache baadaye Makaburu wakapewa mashamba katika nyanda hizo hizo.

Mwanasheria aliyetayarisha hati ya mpango huo wa Uasin Gishu kwa niaba ya Wazayuni aliitwa David Lloyd George. Alilelewa na mjomba wake, mhubiri wa Kibatisti huko Wales, na Biblia aliijua tangu utoto. Ndiye aliyekuwa waziri mkuu tarehe 2 Novemba 1917, serikali yake ilipotoa tamko la Balfour la kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi huko Palestina. Wakati huo karibu watu tisa kati ya kumi wa nchi ile hawakuwa Wayahudi. Tamko liliahidi kulinda haki zao za kiraia na za dini bila hata kuwataja kwa jina. Naona mkono ule ule ulioandika juu ya Uasin Gishu. Mkongomani anayejua mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 hapaswi kuhitaji maelezo zaidi.

Sasa tuje nyumbani. Mobutu, aliyepata mafunzo ya miamvuli Israeli mwaka 1963, alivunja uhusiano na nchi hiyo Oktoba 1973, kisha akaurudisha mwaka 1982. Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza mjini Washington, mbele ya mkutano wa AIPAC, kundi la Wamarekani wanaoitetea Israeli, kwamba atateua balozi wa kwenda Israeli na kufungua ofisi ya biashara Yerusalemu. Septemba 2023 Netanyahu akatangaza kwamba Kongo itahamishia ubalozi wake Yerusalemu. Kama andiko la Mwanzo ni mkataba kati ya Mungu na wizara za mambo ya nje, basi tuhesabu pamoja. Uhusiano ulirudi 1982. Vita vya kwanza vikaja 1996, vya pili 1998, Goma ikatekwa 2012, ikatekwa tena Januari 2025. Simlaumu Mungu. Nawaambia wanaohubiri mkataba huo kwamba mahesabu yao yanamfanya Mungu aonekane mwongo.

Paulo, Myahudi mwenyewe, ameieleza ahadi ya Ibrahimu katika Wagalatia 3. Kwake mzao ni Kristo, na walio wa Kristo ni warithi, Wayunani kwa Wayahudi. Humo hakuna ubalozi wala jeshi.

Kuna jambo wahubiri hawalisemi kwa sauti kuhusu fundisho la Darby. Katika mafundisho hayo, mwisho wa Wayahudi wanaokusanywa Palestina ni wa kutisha: wengi wao wataangamia katika dhiki kuu, na watakaosalia watamkubali Kristo. Siwezi kuuita huo upendo. Anayewapenda Wayahudi awapende kama watu. Tunao Kongo. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliofika Katanga walijenga sinagogi mjini Lubumbashi, na wengi wao walipoteza ndugu Julai 1944, Wanazi walipowachukua Wayahudi zaidi ya 1,600 wa Rhodes kuwapeleka Auschwitz. Wakristo wa Ulaya walikuwa wamewachukia Wayahudi karne nyingi kabla ya hapo, na dhambi hiyo ni yetu kuitubu. Watu wapatao 1,200 waliouawa Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, na mateka karibu 250, wanastahili machozi yetu yote.

Wa Gaza wanayastahili pia. Huko kuna hospitali ya al-Ahli, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1882. Kuanzia 1954 hadi 1982 iliendeshwa na Wabatisti wa Marekani, na hadi leo wenyeji huiita hospitali ya Wabatisti. Tarehe 17 Oktoba 2023 mlipuko uliua watu wengi uani pake, na pande mbili zikalaumiana. Tarehe 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi, makombora ya Israeli yaliipiga, jeshi likidai kwamba Hamas waliitumia. Siku chache baada ya 7 Oktoba, baadhi ya watu waliojificha katika kanisa la Mtakatifu Porfirio walikufa kwa bomu, na Julai 2025 parokia ya Familia Takatifu nayo ikapigwa.

Sisi tuna hospitali ya CBCA Ndosho, ya Wabatisti wenzao. Kwa miaka mingi madaktari wa Msalaba Mwekundu wamepasua majeruhi wa Masisi, Rutshuru na Sake pale, na Januari 2025 majeruhi walizidi vitanda. Mtu wa Ndosho anajua hospitali ya Kibatisti wakati wa vita inanuka nini. Anajua pia kuhama na godoro kichwani, kurudi, na kuhama tena. Wapalestina zaidi ya 700,000 walihama hivyo mwaka 1948, dola ya Israeli ilipoundwa, na kati yao walikuwemo Wakristo. Wakuu wanne wa makanisa ya Yerusalemu, akiwemo Patriaki Mkatoliki Michel Sabbah na askofu Mlutheri Munib Younan, walitia sahihi tamko la kuukataa Uzayuni wa Kikristo, yaani fundisho hili hili, Agosti 2006. Hao ni wachungaji wa mji ule ule tunaouimbia. Kwa nini sauti yao haifiki kwenye mimbari zetu?

Najua jibu la baadhi ya wapendwa: Kavira ameasi. Sijaasi. Ninachokataa ni mama aliyetoka kambini bila sufuria kuombwa sadaka ya kuibariki Israeli, kisha kuambiwa laana iliyompata imetokana na sadaka ambayo hakuitoa. Hiyo ni dhuluma, na anayeifanya atajibu mbele za Mungu.

Wachungaji wa Ndosho, nawaomba jambo moja. Jumapili ijayo fungueni Wagalatia 3, msome sura nzima mbele ya waumini wenu. Kisha wakati wa maombi watajeni wote: waliofiwa Israeli, waliofiwa Gaza, na waliofiwa Masisi.