Binti Mbele ya Jopo



Mwaka jana niliketi katika jopo la watu watatu, tukitafuta mwalimu wa watoto wadogo. Akaingia binti niliyemsomesha mwenyewe tangu juzuu ya Amma. Vyeti vyake vilikuwa safi. Lakini aliketi ukingoni mwa kiti, macho sakafuni, vidole vikikunja na kukunjua upindo wa buibui, na kila jibu akalitoa kama anayechelea kumwamsha mtu aliyelala. Mwenzangu akaandika: hajiamini. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikampa alama ndogo vilevile. Kazi akapata mwingine.

Nilipomweleza sababu, alinijibu kwa upole: "Maalim, si nyinyi mliotufunza tusimkazie macho mtu mzima?"

Sikuwa na jibu. Tangu utotoni tumewaambia mabinti wetu wainamishe kichwa na wapunguze sauti. Kisha tunawapeleka mbele ya watu wasiowajua, na huko adabu ileile husomwa kuwa ni woga, au kwamba kuna jambo linafichwa.

Amri ya kuinamisha macho imo katika Sura An-Nur, na wengi tunasahau kwamba ilianza kwa wanaume kabla ya wanawake. Makusudio yake ni kulizuia jicho la matamanio, si kumkataza mtu kumtazama anayemuuliza swali. Katika sifa za Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, imepokewa kwamba alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wake wote. Na katika Sura Al-Qasas yumo binti aliyemwendea Nabii Musa, alayhi ssalaam, kule Madyan. Alitembea kwa haya, lakini ujumbe wa baba yake aliufikisha waziwazi. Tena mmoja wa mabinti wa nyumba hiyo ndiye aliyemshauri baba amwajiri Musa, akataja na sababu.

Basi binti atoe salamu kwa sauti inayofika mwisho wa meza. Akae hadi mgongo uguse kiti, mikono itulie mapajani, na amtazame anayeuliza kama amtazamavyo shangazi yake wakizungumza. Mwenye niqabu ana kazi zaidi, kwa kuwa tabasamu lake halionekani. Sauti na mikono ndivyo vitakavyomsemea.

Kinachowatia wengi wasiwasi ni kupeana mkono. Mwanamume akishaunyosha wake, kuganda au kurudi nyuma humfedhehesha. Binti amtangulie: kiganja kifuani, ainame kidogo, aseme, "Nimefurahi kuonana nanyi." Kwa ushungi wake asiombe radhi. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na mavazi pia yametajwa.

Lakini mambo haya hayazoeleki asubuhi ya mahojiano. Baba akae upande wa pili wa meza ya chakula, amuulize binti maswali, wala asimsaidie majibu. Mama aiangalie mikono. Ndugu zake watacheka. Waacheni wacheke, kwani hata kwenye jopo huenda akawapo wa kumvuruga.

Binti yule ameitwa mahali pengine mwezi huu. Jumamosi baada ya Alasiri atakuja kwetu pamoja na mamake. Nimemwomba mke wangu aketi nami upande wa wanaohoji, na awe mkali kunishinda.

Wabillahi taufiq.