Johari Haining'inii Sikioni

Wako miongoni mwetu wanaosimama mlangoni mwa kanisa siku ya Meza ya Bwana, macho yao yakiwa kwenye masikio ya akina mama. Mwenye hereni hurudishwa nyumbani. Nasi wengine tumenyamaza, tukidai kwamba huko ni kulinda utakatifu. Johari, twaambiwa, ni mambo ya dunia.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Johari limetufikia kutoka Kiarabu, jauhar, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kiajemi, gohar. Tangu zamani lina maana mbili: kito cha thamani, na asili ya kitu, yaani kile kinachokifanya kiwe kilivyo. Wakristo wanaosali kwa Kiarabu hulitamka hadi leo katika Imani ya Nikea, wanapokiri kwamba Mwana ni sawa na Baba katika jauhar. Neno tunalolibeza, wenzetu wanamkiri Kristo kwalo!

Lakini Petro alikataza, twajibiwa. Tusome vizuri. Katika 1 Petro 3 mtume anataja nywele, dhahabu na mavazi kwa pamoja. Ikiwa andiko hilo linaharamisha hereni, basi linaharamisha na kanzu ya mchungaji. Mtume anatuelekeza kwenye utu wa moyoni. Hiyo ndiyo johari.

Katika Kutoka 32, dhahabu ya masikioni ilifanywa ndama. Katika Kutoka 35, watu walewale walileta dhahabu ya masikioni ili kujenga hema ya Mungu. Dhahabu ilikuwa ileile. Kilichogeuka ni mioyo.

Hatutetei majivuno. Anayekopa ili ang'ae harusini amepotea, na Yakobo anawakemea wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri. Lakini anayemheshimu mtu kwa sababu ya pete, na anayemfukuza kwa sababu ya hereni, kosa lao ni moja: wote wawili wamempima mtu kwa madini, wasiione johari aliyoumbiwa.

Basi tuliondoe zamu hilo mlangoni. Baba wa Luka 15 alimkimbilia mwanawe aliyepotea, akaamuru avishwe pete. Sisi ni nani hata tumrudishe binti yake kwa sababu ya hereni?